Kurasa Tatu Zilizozidi

Banglabazar, mtaa wa wachapaji na wauza vitabu, pale uchochoro wa wafunga vitabu unapoikuta njia ya bandarini, kuna benchi la ubao ambalo mguu wake mmoja ni matofali. Khala Rabeya, mama mdogo wa kijiwe kizima, ndiye mwenye benchi, mwenye jiko, na mwenye neno la mwisho. Majira ya ukungu mto hauonekani, lakini honi za meli za abiria zinasikika kana kwamba meli zinapita juu ya mapaa. Nyuma ya kuta mitambo ya chapa inanguruma kutwa nzima, na chai ya maziwa ikiwekwa benchini hutetemeka kikombeni, duara ndani ya duara. Mgeni hudhani chai inasikia baridi. Wenyeji wameshazoea, wanakunywa hivyo hivyo ikitetemeka, wakibishana mambo ambayo hakuna aliyewaomba wayatatue.

Alasiri hiyo walikuwapo wote. Mzee Nukta, aliyesahihisha prufu tangu enzi za herufi za risasi, na ambaye hata barua ya posa ya mwanawe aliirudisha ikiwa na wino mwekundu. Gundi, mfunga vitabu, ambaye ukimpa mkono inabidi uukokote kuurudisha. Redio, muuza vitabu vya barabarani, ambaye habari zake huwahi kufika kuliko matukio yenyewe. Na pembeni kabisa, kikombe mapajani, Delowar fundi miwani, ambaye kwa mwezi wa tatu sasa hawakumwita Delowar tena. Walimwita Bwana Harusi, kwa kuwa alikuwa anasubiri riwaya yake ya kwanza itoke, na kila siku alikuja amenyoa ndevu.

— Bwana Harusi, bibi harusi yuko wapi? Redio akaanza. Maonyesho ya vitabu ya Februari yanafunguliwa Ijumaa. Wenzako wameshaanza kupiga picha na vitabu vyao, wewe unapiga picha na kikombe.

— Kipo mtamboni, Delowar akasema.

— Wiki iliyopita kilikuwa mtamboni. Mtambo gani huo, wa kusaga mahindi?

Delowar akatabasamu tu. Hakuwa na hamu ya kutaniwa, lakini kunyamaza kabisa kungewapa mengi zaidi ya kusema. Siku hiyo moyoni alikuwa na kitu kizito, na hakuwa amemwambia mtu.

Asubuhi ile mchapishaji wake, Wazir Saheb, alimwita ofisini. Wazir ni mtu mwema, huagiza chai kabla ya kukuumiza. Akamweleza kwa upole kwamba riwaya imetimia forma kumi, lakini zimezidi kurasa tatu. Forma moja ni karatasi kubwa moja. Ikichapwa pande zote na kukunjwa inazaa kurasa kumi na sita, hazipungui wala haziongezeki. “Sasa kurasa tatu nizichapie wapi, ndugu yangu? Nikufungulie forma nzima ili kurasa kumi na tatu zibaki nyeupe? Watu watasema Wazir ameanza kuuza madaftari. Tuzitoe. Za mwisho, kwa sababu za mwisho ndizo rahisi kutoa. Hakuna ukurasa unaozifuata.”

Delowar akatikisa kichwa pembeni. Ni kile kitikiso chetu cha siku zote, ambacho kinaweza kuwa ndiyo, au nimesikia, au Mungu anaona. Kila mtu huokota humo anachokitaka. Wazir Saheb aliokota ndiyo. Akaita mtu wa mtambo, akamwambia forma ya kumi ipande mashine ikiadhiniwa magharibi, na chini ya ukurasa wa mwisho waweke neno Mwisho.

Delowar akatoka nje na kusimama kwenye ukungu kama mtu aliyesahau kilichomtoa nyumbani. Kurasa zile tatu ndizo zilizomfanya aandike zile nyingine zote. Alipokuwa mdogo, dada yake mkubwa, Kohinur, yeye akimwita Bubu, kwa lugha yao dada, alitoka asubuhi ya ukungu kama huu kwenda bandarini, na hakurudi. Wako waliosema kaolewa ng'ambo ya mto, wako waliosema mto wenyewe umemchukua. Hakuna aliyejua wakati ule, na mpaka leo hakuna ajuaye. Delowar amekaa miaka yake yote akitengeneza vioo ili watu wengine waone mbali. Mwishowe, duka likiwa halina mteja, akaanza kuandika, na katika kurasa tatu za mwisho Bubu anarudi. Anapanda ngazi, anavua kandambili mlangoni, anaingia. Basi. Hakuna zaidi ya hapo, na yeye hakutaka zaidi ya hapo.

Sasa amekaa benchini akingoja adhana, na hakuwa na ujasiri wa kwenda kusema hapana. Nani yeye? Fundi miwani. Mtu kampokelea mswada, kampa chai, kamtengenezea jalada. Jalada lenyewe lilikuwa na msichana mwenye mwavuli mwekundu, na ndani ya riwaya nzima hamkuwa na mwavuli wa rangi yoyote. Hilo nalo alilikubali kwa kitikiso.

— Mimi nawaambia kinachochelewesha, Redio akasema, akisogea mbele kwa namna yake ya kutangaza. Ni karatasi. Kuna tishari limejaa karatasi, limenasa ukunguni huko chini Chandpur. Haliendi mbele, halirudi nyuma. Mabaharia wamechoka, wamezitandika karatasi, wanazilalia.

— Nani kakwambia?

— Mtu.

— Mtu gani?

— Mtu aliyeliona.

— Kwenye ukungu? Kaliona kwa kitu gani, kwa pua?

Gundi akacheka mpaka akamwagia mzee chai. Akaomba radhi, akajaribu kumfuta mzee begani, kiganja kikanata kwenye sweta.

— Ndugu zangu, acheni kamba, Gundi akasema akijinasua. Karatasi ipo. Forma tisa za Bwana Harusi nimeshazikunja kwa mikono hii. Shida ni gundi. Baridi hii gundi haikauki. Na kitabu cha huzuni ndiyo kabisa. Mimi nina diwani moja ya mapenzi niliyoibandika mwaka ule wa mafuriko. Nendeni mkaiguse. Mbichi.

— Kwa hiyo huzuni ina maji?

— Ina maji, babu wee! Kitabu cha hesabu kinakauka kabla ya chakula cha mchana. Cha kupika kinakauka baada ya kula. Riwaya kama ya huyu, ya mtu mpole mwenye macho mekundu, unaweza kuiweka juani mpaka Idi.

— Umeisoma? Khala Rabeya akauliza bila kugeuka, akikoroga sufuria.

— Nimeikunja.

Delowar alisikia jibu hilo likipita masikioni mwake, lakini akili yake ilikuwa imekwenda na honi ya meli. Alikuwa akifanya alichozoea kufanya tangu utotoni, anazitambua meli kwa sauti za honi zao. Ile nzito ni ya Barishal. Ile yenye kikohozi ni ya Chandpur. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye nyaya za umeme, na jua lilionekana kama kidonge cheupe kinachoyeyuka ndani ya glasi. Watu walitokea kutoka ndani ya weupe, wakawa watu kwa hatua chache, kisha wakarudi kuwa weupe. Akawaza kwamba mtu anaweza kutokea hivyo hivyo, akiwa na kandambili za bluu, bila hata kueleza alikuwa wapi.

— Nyote mmepotea, Mzee Nukta akasema. Akasafisha koo, na walipomwona anasafisha koo walijua somo limeanza. Sikilizeni. Makosa ya chapa katika nchi hii yana idadi yake. Hayapungui. Mimi nimeyafanyia kazi maisha yangu yote, nayajua kama wajukuu. Ukiyatoa kwenye kitabu hiki, hayafi. Yanahama, yanakwenda kutafuta kitabu kingine. Sasa mimi riwaya ya huyu bwana nimeisafisha, nimeisafisha haswa, hakuna hata mkato uliolala vibaya. Makosa yote yako nje, mlangoni pa kiwanda, yamekaa, yanangoja apatikane mtu mwingine wa kuyapokea. Mpaka apatikane, kitabu hakitoki.

— Kwa hiyo tutafute mwandishi mwingine ayachukue?

— Si ndiyo hapo sasa.

— Apewe yule wa vitabu vya mitihani, Redio akasema. Yule atayapokea bila kuona.

— Yule ameshajaa.

Wakacheka wote, na Delowar akacheka nao, na kicheko kikamsaidia kidogo. Aliwapenda watu hawa. Wao ndio waliomwelekeza kwa Wazir Saheb, baada ya mchapishaji wa kwanza kumwambia riwaya yake ni fupi mno, wa pili kumwambia ni ndefu mno, na wa tatu kumrudishia mswada wa mtu mwingine kabisa, wa ufugaji wa samaki. Alikaa na mswada ule wa samaki wiki nzima, na akausoma wote kwa heshima, kwa kuwa aliwaza kwamba mahali fulani mfugaji wa samaki naye amekaa na Bubu wake mkononi.

— Lakini mimi nina lingine, Redio akasema, na safari hii aliteremsha sauti. Msinicheke. Kuna mwaka mmoja wa ukungu, marehemu baba yangu ndiye aliyenihadithia. Kitabu kilikwama kama hiki. Mwandishi amekonda, mchapishaji hapokei salamu. Basi siku moja baba yangu kapanda meli ya kwenda kwao, akakuta abiria wanahadithiana. Huyu anasema hivi, mwingine anadakia, kisha ikawa hivi. Baba akasikiliza, akashtuka. Ni hadithi ya kile kitabu! Neno kwa neno. Na kitabu bado kiko mtamboni!

— Walikijuaje?

— Ndiyo nawaambia. Kitabu kikicheleweshwa sana kinatoka chenyewe. Kinatoka na moshi, kinaingia kwenye ukungu, watu wanakivuta kwa pua. Unakuta mtu anaumwa mafua, kumbe ana sura ya tatu.

— Redio, wewe si mzima.

— Huenda kimeshatoka cha Bwana Harusi! Huenda sasa hivi kuna mtu huko mtoni anacho kifuani, anakohoa tu, hajui ni nini.

Hata Gundi aliacha kucheka. Kwa muda wakaitazama njia ya bandarini, kweupe tupu, na kila mmoja akavuta pumzi kwa tahadhari.

— Labda hakijatimia, Khala Rabeya akasema.

— Nini?

— Hicho kitabu. Mnasema karatasi, mnasema gundi, mnasema mafua. Mimi nasema labda hakijatimia, kinaona aibu kutoka. Mtoto hatoki nje na kiatu kimoja.

Delowar alilisikia neno lile kama limesemwa kwake. Akainamia kikombe kama anayekunywa, ili wasimwone uso. Alitaka kuwaambia. Alitaka kusema, Khala, wamenitolea kurasa tatu na mimi nimetikisa kichwa. Lakini wangeligeuza mjadala: Nukta angeuliza mikato mingapi imeondoka, Gundi angemshukuru kwa kumpunguzia kazi. Adhana haikuwa mbali. Alijua kwa namna weupe ule ulivyoanza kuwa wa kijivu na taa za maduka zilivyokuwa zikivimba moja moja.

Ndipo mwanamke akatokea kwenye ukungu.

Alikuwa mtu wa makamo, shali la sufu kichwani, begi begani, mwendo wa mtu mwenye meli ya kuwahi. Mkononi alikuwa na karatasi ya muri, hizi bisi za mchele zinazochanganywa na vitunguu na mafuta ya haradali kwenye kila pembe ya bandari. Lakini muri yenyewe ilikuwa imekwisha. Mfuko ameufungua taratibu kwenye gundi, akaunyoosha, na sasa alikuwa ameushika kwa mikono miwili kama mtu anayeleta sinia.

— Samahanini, ndugu zangu. Hapa si ndipo penye mambo ya vitabu?

— Umefika penyewe, mama, Redio akasema, akimpangusia nafasi benchini kwa ncha ya lungi, shuka lake la kiunoni. Unatafuta nini? Vya dini, vya mitihani, vya mapenzi?

— Sitafuti kitabu. Natafuta jibu. Akaketi nusu makalio. Nimetoka kumtazama mwanangu chuoni, nimenunua muri hapo chini. Nala huku nasoma mfuko, unajua mtu akiwa peke yake anasoma chochote. Basi nikakuta hadithi. Muri nimeila yote, sikuwa hata na njaa, ili tu nifike chini ya ukurasa. Na chini imekatwa.

— Ni karatasi zilizoharibika mtamboni hizo, Gundi akamweleza. Wanawauzia watengeneza mifuko.

— Nisikilizeni basi, mnaweza kuwa mnaijua. Mwanamke akaisogeza karatasi kwenye taa ya jiko. Kulikuwa na alama ya mafuta katikati, na maneno yalionekana vizuri zaidi palipoloa. Akasoma polepole, kwa sauti ya mtu asiyezoea kusomea wengine:

— “Dada yake akasimama mlangoni, nusu ndani, nusu kwenye ukungu. Chai yake ilikuwa bado inatoa moshi. Akasema, funika chai yangu, narudi sasa hivi. Mvulana akachukua kisosi, akafunika. Akakaa karibu na kikombe, asije mtu akakigusa...” Basi. Hapo ndipo palipokatwa.

Hakuna aliyemtazama Delowar, na ilikuwa heri. Kwanza alisikia aibu. Riwaya yake haijawa hata kitabu, imeshakuwa mfuko wa muri. Kisha akasikia kitu kingine, kikubwa, ambacho hakuwa na jina lake: maneno ya Bubu yalikuwa yametoka kinywani mwa mtu mwingine, kwa sauti, barabarani.

— Lete nione, Mzee Nukta akasema. Akaipokea karatasi, akaisogeza puani. Hii imepita mikononi mwangu. Mkato huu nimeupigania mimi. Ni kitabu cha huyu huyu...

— Na karatasi ni yenyewe, Gundi akadakia, akiipapasa. Hii ya rangi ya maziwa. Forma ya nne hii, nimeikunja juzi.

— Bwana Harusi! Redio akaruka. Si niliwaambia? Si nilisema kimeshatoka? Kinazunguka mjini na pilipili!

— Kumbe mnakijua, mwanamke akasema, na uso wake ukang'aa kabisa. Alhamdulillahi. Basi niambieni upesi, maana meli yangu imeshapiga honi ya kwanza, na kwa ya tatu inaondoka. Alirudi?

— Nani?

— Huyu dada. Alirudi?

Mzee Nukta akavua miwani, ile ile ambayo Delowar alimtengenezea mwaka jana. Akaifuta. Akaivaa.

— Mama, mimi ni msahihishaji. Mimi natazama herufi. Ukianza kusoma, makosa yanakupita.

Mwanamke akamgeukia Gundi.

— Mimi natazama namba, mama. Nne ije baada ya tatu. Hiyo ndiyo kazi yangu.

— Na wewe?

— Jalada lina msichana mwenye mwavuli, Redio akasema kwa unyonge. Mwavuli mwekundu. Sasa sijui kama mwavuli huo ni wa kwenda au wa kurudi.

— Jamani! Watu wote hawa mmekishika kitabu hiki, na hakuna anayejua kama yule binti alirudi?

Khala Rabeya aliteremsha mwiko. Kisha mmoja mmoja, taratibu, wakageuza vichwa kwenye pembe ya benchi.

— Ndiye aliyeandika, Khala Rabeya akasema. Muulize yeye.

Mwanamke akamtazama Delowar. Hakumtazama kama mtu anayemwona mwandishi. Alimtazama kama mtu anayemwona jirani wa mgonjwa, aliyetoka hospitali sasa hivi.

— Alirudi, kaka?

Delowar akakitazama kikombe chake. Katika maisha, hakujua. Katika kitabu, leo asubuhi Bubu alikuwa amerudi, na jioni hii hakuwa amerudi tena, kwa sababu yeye mwenyewe, mdogo wake, aliyeambiwa afunike kikombe, alitikisa kichwa. Mtu wa kwanza duniani kusoma ukurasa wake mmoja alikuwa amekula bisi asizozitaka, na swali lake lilikuwa hilo tu. Hakuuliza jalada, wala forma. Delowar alisikia machozi yakipanda, na safari hii hakuinama.

— Yuko njiani, mama, akasema.

— Yuko njiani?

— Yuko karibu sana. Zimebaki kurasa tatu.

Akasimama. Mbali, kutoka msikiti wa upande wa mto, kipaza sauti kilikohoa kama kawaida yake kabla ya adhana. Delowar aliweka kikombe chake benchini. Kilikuwa kimejaa bado.

— Khala, funika chai yangu. Narudi sasa hivi.

Akaingia kwenye ukungu mbiombio, kandambili zikipiga visigino, kuelekea kule mitambo ilikonguruma.

Yaliyotokea kiwandani hayakuwa marefu. Karatasi ya kwanza ya forma ya kumi ilikuwa imeshatoka, wino mbichi, na chini yake neno Mwisho limekaa kwa raha zake. Delowar akaweka kiganja juu ya neno lile. Mtu wa mtambo akapiga kelele, Wazir Saheb akatoka ofisini na kikombe mkononi.

— Ndugu yangu, si tulikubaliana?

— Wewe ndiye uliyekubali, Saheb. Mimi nilitikisa kichwa.

— Kurasa kumi na tatu nyeupe! Unazitaka za nini?

— Ziache nyeupe. Hata mia ziache. Lakini hizi tatu zinaingia.

Hakuwahi kusikia sauti yake ikiwa vile. Wazir Saheb naye hakuwahi. Akamtazama fundi miwani yule mpole, mkono mweusi kwa wino, kifua kinapanda na kushuka, na kwa mara ya kwanza tangu aupokee mswada ule akauliza kilicho rahisi kuuliza:

— Kwani ndani yake kuna nini?

Kurasa zenyewe zilikuwa pale pale mezani, zimegeuzwa, kikombe kingine kimewekwa juu yake. Wazir Saheb akazichukua, akazisoma amesimama, midomo ikicheza. Alipofika kwenye kandambili mlangoni akaketi juu ya rundo la karatasi. Mtu wa mtambo akangoja. Baadaye Wazir Saheb akapenga kamasi, akasema huu ukungu unaua watu, kisha akanyoosha mkono na kuzima mashine yeye mwenyewe.

Khala Rabeya ndiye aliyemwambia Delowar kilichotokea benchini wakati huo. Mwanamke hakuondoka na honi ya pili. Alikaa sawasawa, makalio yote mawili, karibu na kile kikombe kilichofunikwa kisosi. Gundi alitaka kukisogeza ili kisimwagike, Mzee Nukta akampiga mkono. Kisha wakaona kitu. Chai katika vikombe vyao ilikuwa imeacha kutetemeka. Mtambo wa upande ule ulikuwa umenyamaza, na chai imetulia, unaweza kuiona taa ya jiko ndani yake.

— Amesimamisha, Gundi akanong'ona.

Honi ya tatu ikalia, ile nzito. Mwanamke akainuka haraka, akaikunja karatasi yake ya muri pande nne, akaitia ndani ya begi, sehemu ya tiketi.

— Mwambieni nitakuja Februari, akasema. Nitauliza tena.

Akaenda, akawa mweupe na yeye.

Delowar aliporudi alikuta vita vimeshaanza upya, kwa kuwa mtu wa mtambo alikuwa amempita uchochoroni akikimbilia swala, na habari ikafika kabla yake.

— Kurasa kumi na tatu nyeupe! Redio alikuwa akipiga benchi. Hiyo ni zawadi kwa mteja. Nitamwambia, baba, nunua riwaya upate na daftari.

— Watu waandikie humo madeni ya Khala, Gundi akadakia.

— Hizo ndizo kurasa pekee nchini zisizo na kosa, Mzee Nukta akasema, na kwa mara ya kwanza alionekana kushiba. Nitazisoma. Wallahi hizo nitazisoma.

— Na hizi nyingine? Khala Rabeya akamuuliza.

Mzee akajikuna ndevu.

— Na hizo nyingine, akasema polepole. Nizianze mwanzo.

Delowar akawapita, akaketi pembeni pake. Wino ulikuwa umemkauka kiganjani. Hakuna aliyemwita Bwana Harusi, na hakuna aliyemuuliza kitu. Wakaendelea kubishana, lakini kwa sauti ya chini kidogo, kama watu walio na mtu amelala chumba cha pili. Akafunua kisosi. Chai ilikuwa bado vuguvugu.